Hadubini Ndani ya Umio

Mkulima wa Rhotia anayekwamwa na chakula huweza kupelekwa KCMC, Moshi, kilomita zipatazo 200. Huko daktari humpitishia endoskopi, mpira mwembamba wenye kamera, akaona kidonda cha umio. Je, ni saratani? Jicho peke yake hudanganyika. Hivyo kinofu hukatwa, hupelekwa maabara, na mgonjwa husubiri siku kadhaa.

Mwaka 2004 watafiti wa Mainz, Ujerumani, walieleza njia nyingine, wakianzia kwenye utumbo mpana: hadubini ya leza kwenye ncha ya endoskopi. Rangi ya fluoresini hudungwa mshipani, hung'aa inapopigwa na leza, na seli huonekana papo hapo, zikiwa hai, zimekuzwa takriban mara 1,000.

Mwanga huo, hata hivyo, hupenya robo milimita tu, na fluoresini haionyeshi viini vya seli. Kinofu bado hukatwa, ila mahali panapotiliwa shaka hasa.