Neno la mwathirika nalo ni ushahidi: sheria za 2006 na lugha zetu

Katika makala haya ninaeleza namna sheria ya nchi yetu inavyotaka ushahidi wa ubakaji ushughulikiwe, kisha ninaonyesha mahali ambapo sisi watu wa lugha tunahusika. Wengi kitivoni hudhani jambo hili ni la waganga na wanasheria peke yao. Mimi naona linatuhusu sisi pia.

Tarehe 20 Julai 2006 zilitangazwa sheria mbili. Ya kwanza, namba 06/018, ilibadili kanuni ya adhabu: ilipanua maana ya ubakaji, ikatambua kwamba mwanamume pia anaweza kubakwa, na ikaweka kifungo cha miaka 5 hadi 20. Ya pili, namba 06/019, ilibadili mwenendo wa mashtaka, na ndiyo inayogusa ushahidi. OPJ akipokea malalamiko anapaswa kuijulisha parke ndani ya saa 24. Uchunguzi wa awali usizidi mwezi 1, na hukumu itolewe ndani ya miezi 3. Mwendesha mashtaka au hakimu lazima amwite mganga na mwanasaikolojia bila kungoja kuombwa. Tena kifungu cha 14 ter kinakataza kuhesabu ukimya wa mwathirika, au kutopigana kwake, kuwa ni kuridhia.

Haraka hiyo ina sababu. Alama za mwilini hupotea upesi. Kwa kawaida sampuli hutafutwa ndani ya saa 72, na ndani ya muda huohuo ndipo dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanza. Nguo hukaushwa na kutiwa katika mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu, na unyevu huharibu alama. Kila anayeupokea mfuko aandike jina lake, siku na saa, ili mahakamani ijulikane ulipitia mikono ya nani.

Lakini kuna ushahidi mwingine unaopita mkono kwa mkono, nao hauna mfuko: maneno. Mama anaeleza yaliyompata kwa Kiswahili, au kwa Mashi akisaidiwa na jirani. Mganga anaandika cheti kwa Kifaransa. OPJ anaandika PV kwa Kifaransa. Hakimu anasoma Kifaransa hicho. Njiani humo maneno yanaweza kuharibika kama nguo iliyofungwa ikiwa mbichi.

Tuchukue kitenzi kukubali. Mtu akisema, «Alinionyesha kisu, mwisho nikakubali», kila msemaji wa Kiswahili anaelewa kwamba alishindwa, hakuwa na njia. Kifaransa kina céder, kina na consentir. Mwandishi mwenye haraka akichagua la pili, mwathirika amegeuka mtu aliyeridhia. Ni kweli, 14 ter inasema ridhaa haiwezi kutokana na maneno ya mtu aliyetishwa. Ila hakimu atajuaje habari za kisu, kama PV imebakiza kitenzi tu?

Mfano wa pili ni kulala. Adabu inamfanya mama aseme «alilala na mimi». Kiunganishi na kinawaweka watu wawili upande mmoja, kana kwamba tendo lilikuwa lao wote. Nguvu iliyotumika imesemwa katika sentensi zilizotangulia: mlango uliovunjwa, mkono uliofunga mdomo. Ukifasiri sentensi moja na kuziacha nyingine, umeondoa kosa lenyewe.

Mfano wa tatu ni kukamata. Huku mashariki «walinikamata» inaweza kuwa kushikwa, kutiwa mbaroni, au, kwa lugha ya kusitiri, kubakwa. Hapo mfasiri asikisie. Aulize kwa upole, kisha aandike swali na jibu.

Hata jibu la mganga hupotoka linaporudi kwa familia. Cheti kikisema hakuna jeraha lililoonekana, nyumbani husemwa «daktari hakuona kitu», na watu wanahitimisha kwamba hakuna kilichotokea. Lakini ubakaji waweza kutokea bila kuacha jeraha, na sheria haidai jeraha.

Je, sheria imesahau lugha? Siyo kabisa. Katiba, kifungu cha 18, inataka aliyekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa. Kanuni ya mwenendo wa mashtaka nayo inawataja mkalimani, mfasiri, mtaalamu na mganga pamoja, kama watu wanaoweza kuitwa na hakimu na kuapishwa. Lakini sheria 06/019 ilipomfanya mganga awe wa lazima, haikumfanya mkalimani vivyo hivyo. Jirani anayesaidia hospitalini hajaapa, na mara nyingi jina lake haliandikwi popote.

Kesi ya Kavumu, Kivu Kusini, ilionyesha kwamba njia nyingine ipo. Mwaka 2017 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanaume 11 kwa ubakaji wa watoto wadogo wa kike. Mahojiano ya watoto yaliyorekodiwa kwa video yalipokelewa kama ushahidi, sambamba na kazi ya waganga, bila watoto kulazimishwa kusimulia upya mbele ya washtakiwa. Sauti iliyorekodiwa inaweza kusikilizwa tena na kufasiriwa tena. PV ya Kifaransa peke yake haina nafasi hiyo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, katika PV na katika cheti, maneno mazito ya mwathirika yaandikwe kwa lugha aliyoyasema, Kifaransa kikae pembeni. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani tayari inamtaka mganga aandike maneno ya mgonjwa kama yalivyotamkwa. Pili, aliyefasiri atajwe jina na aape. Tatu, kitivo chetu kitengeneze orodha ya maneno ya kusitiri ya Kiswahili, Mashi, Kinande na lugha nyingine za huku, pamoja na maana zake zote, iwekwe mezani kwa OPJ na kwa mganga. Wenzangu mnaotafuta mada ya TFC, kazi hiyo haijaanza, na inatosha watu wengi.