Mvua ya alasiri na betri za sola za Punia

Mwenye duka ambaye taa zinamzimikia saa nne usiku huwa ameshajua dawa kabla fundi hajafika: anataka betri nyingine, tena kubwa. Anatuma pesa Kindu, makao makuu ya mkoa wa Maniema nchini Kongo, betri inapakiwa kwenye pikipiki na kufika mji wa Punia ikiwa imejaa matope. Wiki za kwanza mambo yanakwenda vizuri. Baada ya miezi michache taa zinaanza kuzimika saa tatu.

Muuzaji analaumiwa bure, angalau mara nyingi. Betri haizalishi umeme, inatunza tu ule uliotoka kwenye paneli. Paneli ya wati 200, mahali penye saa 4 za jua kali kwa siku, ukishatoa kinachopotea kwenye joto, nyaya na vumbi, inakuachia kama wati-saa 560. Duka linalotumia 700 kila siku lina deni kila siku, na betri ya pili haililipi deni hilo. Inalichelewesha tu, kisha unabaki na betri mbili zenye njaa.

Njaa hiyo ndiyo inayoziua. Betri ya risasi, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859 na ambayo mpaka leo ndiyo ya kawaida madukani, inapotoa umeme hufunika bamba zake kwa salfeti ya risasi. Ukiichaji mapema, salfeti inayeyuka na kurudi ilikotoka. Ukiiacha siku kadhaa ikiwa nusu, salfeti inakomaa kuwa chembe ngumu zisizoyeyuka tena, na sehemu hiyo ya bamba imekufa.

Hapa ndipo hali ya hewa ya Maniema inapoingia. Betri ya risasi haijazwi kwa mwendo mmoja. Mpaka karibu asilimia 80 inapokea umeme kwa pupa. Asilimia 20 ya mwisho inaingia polepole mno, kwa saa 3, 4 au zaidi, huku kidhibiti chaji kikishikilia volti karibu 14.4 kwa betri ya maji, au 14.1 hivi kwa ile ya jeli. Punia iko kama digrii moja na nusu tu kusini mwa ikweta, katikati ya msitu. Asubuhi jua linawaka, saa nane au saa tisa mawingu yanafunga na mvua inamwagika. Kinachokatwa na mvua hiyo ni zile saa za mwisho, ambazo betri ya risasi inazihitaji kuliko zote. Siku moja si neno. Msimu mzima wa alasiri kama hizo unamaliza betri ambayo mwenyewe anaapa kwamba anaichaji kila siku, na kweli anaichaji.

Kujua hali yake si kazi kubwa. Pima volti alfajiri, kabla jua halijapiga paneli, taa na simu zote zikiwa zimechomolewa kwa saa kadhaa. Betri ya risasi ya volti 12 iliyoshiba inaonyesha 12.7 hivi, iliyofika nusu 12.2, na chini ya 11.9 imekwisha. Ikiwa kila alfajiri unasoma 12.1, pesa yako ipeleke kwenye paneli, si kwenye betri.

Sasa chukua chumba cha kuzalishia cha kituo cha afya. Taa 3 za LED za wati 9 zikiwaka saa 10 zinakula wati-saa 270. Ongeza simu ya zamu na upotevu wa inveta, sema 360. Tukitaka chumba kivumilie siku 2 za mawingu tunahitaji 720. Betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo inunuliwe ya 1,440, yaani saa-ampea 120 kwa volti 12. Paneli ya wati 200 inatosha kuishibisha na kufidia siku za mawingu, na ampea zake 11 hadi 12 ziko karibu na kipimo cha kawaida cha betri za maji, sehemu moja ya kumi ya saa-ampea zake. Hesabu hiyo inavunjika siku muuguzi anaporuhusu simu za wagonjwa, kisha televisheni ya mlinzi. Friji ya chanjo, inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, isiwekwe kabisa kwenye betri ya watu wote. Siku hizi zipo friji za sola zinazoendeshwa na paneli moja kwa moja na kutunza ubaridi kwenye barafu badala ya betri. Zilibuniwa hivyo kwa sababu betri ndizo zilizokuwa zikiangusha friji za zamani.

Je, lithiamu? Kwa Punia jibu langu ni ndiyo, mfuko ukiruhusu, mradi iwe lithiamu ya chuma na fosfeti. Haina kobalti ndani yake, haishiki moto kirahisi kama lithiamu za aina nyingine, na inatumika mpaka asilimia 80 bila kuumia, hivyo chumba kile kile kinatosheka na saa-ampea 75. Zaidi ya yote, haijali mvua ya saa tisa: inapokea umeme kwa nguvu karibu mpaka mwisho, na kubaki nusu hakuidhuru. Ila kidhibiti chaji lazima kiwe na mpangilio wake, na volti yake haikwambii kitu, kwani inakaa karibu na 13.2 muda mrefu kisha inaanguka ghafla.

Maelekezo mengi ya betri hizi yameandikwa kwa watalii wa Ulaya na Marekani wanaozunguka na magari yenye vitanda na jiko. Onyo lao kubwa ni baridi, maana lithiamu haichajiwi chini ya nyuzi 0. Hapa Punia onyo hilo lirukeni. Adui yetu ni joto: kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata maisha ya betri ya risasi karibu nusu. Betri isikae chini ya mabati wala juani pamoja na paneli.

Wakati wa kununua, tumia kitu ambacho mji wa kasiterite, madini ya bati, kama Punia haukosi: mizani. Betri ya risasi ya kweli ya saa-ampea 100 ina kilo 28 hadi 30, ya lithiamu kilo 11 au 12. Ukiletewa betri ya risasi iliyoandikwa 100 na mizani ikasoma 15, umeuziwa maandishi. Betri ya gari nayo iacheni kwenye gari. Bamba zake ni nyembamba, zimetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, na kazi ya usiku kucha inazichosha upesi.

Betri ya maji inaongezwa maji yaliyotoneshwa tu, si ya kisima, na kamwe si asidi. Inapochajiwa hutoa hidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka, kwa hiyo betri isikae kwenye chumba kilichofungwa, wala kibatari kisiwekwe kando yake. Asidi ikiruka jichoni, mimina maji safi dakika 20 bila kusimama, ndipo mkimbizeni mtu hospitali.

Hatari ya kimya ni risasi yenyewe. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoanza mwaka 2007 kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia sumu watoto na watu wazima. Phyllis Omido, aliyefanya kazi hapo na ambaye mwanawe alikutwa na risasi mwilini, alipigana mpaka kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, uamuzi huo ukatenguliwa kwenye rufaa, na kesi ikaendelea mpaka Mahakama ya Juu, iliyoirejesha fidia hiyo Desemba 2024. Thiaroye-sur-Mer, Senegali, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, udongo wa mtaa ukiwa umejaa vumbi la betri. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia kwanza.

Kwa hiyo anayevunja betri nyuma ya nyumba ili ayeyushe risasi ya kuuza au ya kutengeneza vizito vya nyavu anaiweka sumu hiyo kwenye uwanja wanaochezea wanawe, na sufuria aliyoitumia isirudi jikoni. Betri iliyokufa iachwe nzima, isimame wima, ncha zake zifunikwe, ikae kwenye kibanda kinachofungwa kwa kufuli. Pikipiki iliyoleta mpya inaweza kuishusha Kindu, na bei ya kuirudisha izungumzwe na muuzaji kabla mpya haijalipwa.