Baba wa Ubatizo, Mlezi na Mdhamini



Neno la Kiingereza "godfather" husikika sana siku hizi vikaoni, kwa maana zisizofanana. Yafaa tuzitenganishe, maana neno likiisha kuandikwa katika muhtasari huweza kumdai mtu.

Asili yake ni kanisani. Huyo ni baba wa ubatizo, au msimamizi, aahidiye kusaidia kumlea mbatizwa katika imani. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 yataka kwa kawaida awe ametimiza miaka 16, wala asiwe mzazi wa mtoto. Wajibu wake ni wa kiroho. Deni la mtoto halimhusu. Hapa Bagamoyo, Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868 wakalea watoto waliokombolewa utumwani. Kwa mtoto aliyetengwa na jamaa zake, kupata wa kumwita baba halikuwa jambo dogo.

Kwa Waislamu, walio wengi pwani hii, ubatizo haupo, lakini somo na kungwi wapo, nao humfunda mwali na kumsimamia. (Somo, kama mjuavyo, ni wajina pia.)

Maana nyingine imeenezwa na riwaya ya Mario Puzo ya mwaka 1969, na sinema yake ya mwaka 1972: mkuu wa genge la wahalifu, atendaye fadhili leo ili aidai kesho. Huyo twamjua hata bila sinema. Ndiye amkopeshaye mkulima wakati wa dhiki, kisha msimu ukifika akachukua korosho kwa bei aipendayo. Biashara hiyo huitwa kangomba. Akiingia chamani huitwa mfadhili, na wadeni wake huona haya kupiga kura kinyume chake.

Sasa kazi ya katibu. Mlezi wa chama ni cheo cha heshima, hakimpi mtu kura. Mwanachama naye, hisa zake ziwe chache au nyingi, ana kura moja tu. Mdhamini ni mwingine kabisa: ametia sahihi, na mkopaji akishindwa kulipa, akiba ya mdhamini yaweza kukatwa. Basi pasiandikwe kamwe "fulani ni mlezi wa mkopo huu", wala "baba yake katika mkopo". Liandikwe neno mdhamini, jina lake kamili na kiasi anachodhamini, naye asomewe yote kwa sauti kabla hajashika kalamu.