Kipimo cha mimba kimesema hana, mbona binti bado anatapika?

Mama akigundua kuwa binti yake wa kidato cha tatu anatapika bafuni, na miezi miwili imepita bila kuomba hela ya pedi, wazo la kwanza huwa moja tu. Atakwenda duka la dawa kununua kipimo cha mimba, atamsimamia binti, atasubiri mistari. Ukitokea mmoja, mama hushusha pumzi. Suala linafungwa, na binti anarudi bafuni.

Familia nyingi hupotelea hapo, wala si kwa uzembe. Kutapika na kukoma kwa hedhi kwa msichana asiye mjamzito kuna sababu nyingi, na mojawapo ni maradhi ya ulaji. Haya ni magonjwa ya akili ambayo wazazi wengi wamezoea kuyasikia kama habari za Ulaya na Marekani, kitu cha watoto walioshiba wakakosa la kufanya.

Lakini mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wanawake wa hapa Tanzania, ukaonyesha kuwa dalili hizo zipo, na kwamba ziliendana na kiasi ambacho mtu anatazama vyombo vya habari vya nje. Hiyo ilikuwa kabla simu janja hazijaingia kila mfuko.

Na lugha yetu yenyewe imegeuka. Zamani shangazi akitoka Tanga na kumwambia mtoto wa kaka yake "umenenepa", ilikuwa salamu ya heri: unatunzwa, maisha yamekukubali. Leo neno lilelile likimfikia msichana anayeshinda mtandaoni akitazama matangazo ya chai ya "flati tumbo" na vichekesho vya "nyama uzembe", anaweza kulala bila kula. Shangazi hana kosa. Anasema lugha ya zamani kwa mtoto wa sasa.

Mfano unaotajwa sana duniani ni wa Fiji, visiwa ambako mwili mnene ulikuwa ukisifiwa kama ilivyokuwa kwetu. Televisheni ilifika katika eneo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti wa Marekani, Anne Becker, aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo, hakukuta hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Aliporudi kuwahoji wasichana wa rika hilo mwaka 1998, waliosema hivyo walifikia asilimia 11.

Sura tatu za ugonjwa

Ya kwanza ni anoreksia. Mgonjwa hujinyima chakula na huogopa kunenepa hata akiwa amebaki mifupa. Akijitazama kwenye kioo anaona unene ambao mtu mwingine hauoni, na haigizi. Ndiyo maana kumwambia "mbona umekonda, jitazame" hakusaidii kitu.

Ya pili ni bulimia. Huyu hula kwa fujo na kwa siri, kisha hujitapisha au humeza dawa za kuharisha ili kufuta alichokula. Uzito wake mara nyingi ni wa kawaida, hivyo anaweza kuishi na ugonjwa miaka kadhaa bila mtu kushtuka. Wa kwanza kuhisi jambo anaweza kuwa daktari wa meno, kwa sababu asidi ya tumboni hula meno ya mbele upande wa ndani. Mashavu kuvimba chini ya masikio, sugu au michubuko kwenye viungo vya vidole, na tabia ya kukimbilia chooni kila baada ya kula ni dalili nyingine ambazo mama anaweza kuziona bila vipimo.

Ya tatu ni ulaji wa kupindukia: mtu hula kupita kiasi, anahisi hawezi kujizuia, hatapiki, na hubaki na aibu nzito. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliutambua kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013. Huyu nyumbani huitwa mlafi au "kibonge", na kila anapoitwa hivyo hula zaidi akiwa peke yake. Wavulana nao wamo. Wengine huingilia mlango tofauti, wa kujenga mwili: hawataki kula na familia, wanapima kila kijiko, na wasipofanya mazoezi siku moja hawasemeshwi.

Njaa inavyoigeuza akili

Wazazi huuliza kipi kilitangulia: mtoto alikuwa na huzuni ndipo akaacha kula, au aliacha kula ndipo huzuni ikamwingia? Mara nyingi yote mawili. Hata hivyo, upande wa pili hausemwi vya kutosha, na kuna ushahidi wake wa kustaajabisha.

Mwishoni mwa mwaka 1944, vita vikiwa bado vinapiganwa, mtaalamu Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani alikusanya vijana wa kiume 36 waliojitolea. Walikuwa wamekataa kubeba silaha kwa sababu za dhamiri, na walichaguliwa kwa kuwa walikuwa na afya njema ya mwili na akili. Kwa miezi sita walipewa karibu nusu ya chakula walichozoea.

Miili ilikonda, hilo lilitarajiwa. Kilichowashangaza watafiti ni tabia. Vijana wale wacheshi walinuna, wakajitenga, wakagombana kwa mambo madogo. Hamu ya wasichana iliwatoka. Wakawa wanawaza chakula mchana kutwa, wanakiota usiku, wanasoma vitabu vya mapishi kama watu wanaosoma barua za mapenzi. Sahani moja waliichezea kwa muda mrefu, wakikata vipande vidogo na kuchanganya vitu visivyochanganyika. Mmoja alijijeruhi vibaya mkono kwa shoka. Na waliporuhusiwa kula tena, wengine walikula bila kuhisi shibe kwa miezi.

Mzazi mwenye mtoto mgonjwa akisoma orodha hiyo atadhani anasimuliwa habari za nyumbani kwake. Binti aliyekuwa anacheka sasa anafoka akiulizwa tu "umekula?" Anapika keki na maandazi kwa ajili ya wengine, yeye haonji. Anakataa kwenda harusini kwa sababu huko kuna pilau. Huo unaoitwa ukaidi, kiburi au mapepo, sehemu yake kubwa ni ubongo ulionyimwa chakula. Ushauri nasaha peke yake haufui dafu kwa ubongo wenye njaa, kwa hiyo tiba huanza na kulisha mwili.

Moyo hausubiri

Wenye umri wa kukumbuka nyimbo za kundi la Carpenters watakumbuka sauti ya Karen Carpenter. Alifariki dunia Februari 1983 akiwa na miaka 32, moyo wake ukiwa umechoshwa na anoreksia. Ugonjwa huu ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi, kwa moyo kusimama na kwa mgonjwa kujitoa uhai. Kujitapisha mara kwa mara humwaga madini ya potasiamu, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika ghafla, hata kwa mtu anayeonekana mzima. Mtoto akizimia, akilalamika moyo kwenda mbio au kusuasua, au akisema hataki kuishi, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Jambo moja huwaponyoka hata wazazi makini. Mtoto ambaye kwa siku nyingi hajala karibu chochote hapaswi kurundikiwa ugali na nyama mara tu anapokubali kula. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi ghafla, madini ya fosfeti hushuka kwenye damu na anaweza kufa. Anapaswa kupimwa kwanza na kuongezewa chakula hatua kwa hatua chini ya daktari.

Daktari atafuta pia sababu nyingine za kukonda: kifua kikuu, kisukari, VVU, tezi la shingo, vidonda vya tumbo. Mzazi asione vipimo hivyo ni kupoteza fedha.

Swala la kufunga linahitaji upole. Utafiti wa wasichana wa sekondari nchini Ghana, uliochapishwa mwaka 2004, uliwakuta wachache waliokonda kupita kiasi kwa kujinyima, na maelezo yao yalikuwa ya kufunga na kujitawala, si ya umbo. Mwezi wa Ramadhani au Kwaresima unaweza kuwa kichaka kizuri cha kujificha. Anayeendelea kufunga wakati wengine wamemaliza anahitaji kuulizwa, na sheikh au padri anayeheshimika anaweza kumweleza vizuri kuliko mama yake kwamba mgonjwa ana ruhusa.

Mezani

Kwa watoto na vijana, tiba iliyoonyesha matokeo mazuri inaanzia nyumbani. Wataalamu wa hospitali ya Maudsley jijini London walichapisha mwaka 1987 matokeo yaliyoonyesha kuwa vijana walioanza kuugua anoreksia wakiwa wadogo, na hawajakaa na ugonjwa miaka mingi, walipona vizuri zaidi wazazi walipohusishwa kuliko walipotibiwa peke yao. Wazazi hushika usukani wa chakula kwa muda: wao ndio wanaopakua, wanakaa na mtoto hadi amalize, wanabaki naye baada ya kula, na hakuna viboko wala mahubiri. Baadaye humrudishia usukani kidogo kidogo.

Hilo linamhusu baba pia. Nyumba ambayo mama anabembeleza huku baba anasema "mwacheni, njaa ikimuuma atakula" humpa ugonjwa upenyo. Maneno kuhusu mwili wa mtu yeyote mezani yapumzishwe, yakiwemo ya mama kujilalamikia kitambi chake mbele ya watoto. Kwa mtoto wa bweni, matroni aelezwe ukweli, kwa faragha, kabla shule haijafunguliwa.

Kituo cha afya cha karibu kinaweza kuanza kumpima na kutoa rufaa kwenda hospitali yenye huduma za afya ya akili, kama Muhimbili, Mirembe mjini Dodoma, KCMC au Bugando. Mtoto asiyethubutu kusema nyumbani anaweza kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto, bila malipo.