Unataka nyumba au shamba kijijini Indonesia? Jua kwanza hati itaandikwa jina la nani

Picha zinazozunguka mtandaoni zinavutia: matuta ya mpunga ya kijani, nyumba yenye paa la vigae, volkano kwa mbali, na chini yake tangazo la ardhi kwa "bei poa". Kwa mtu anayelipwa kwa dola au euro, bei ya kiwanja katika kijiji cha Java, Lombok au Flores inaweza kuonekana kama ya bure.

Lakini kuna swali moja ambalo tangazo halijibu. Ukishalipa, hati itaandikwa jina la nani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama umewekeza au umetoa sadaka.

Mgeni hamiliki ardhi

Msingi wa yote ni Sheria ya Ardhi ya Indonesia, namba 5 ya mwaka 1960. Inasema umiliki kamili wa ardhi, unaoitwa Hak Milik, ni wa raia wa Indonesia tu. Haki hii haina muda wa kuisha, inarithiwa na inauzwa.

Ardhi ya Hak Milik ikihamishiwa kwa mgeni, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, mauziano hayo ni batili. Ardhi inaangukia mikononi mwa serikali, na fedha zilizolipwa haziwezi kudaiwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hili si geni. Kenya, kwa mfano, katiba ya mwaka 2010 inampa asiye raia upangaji wa miaka isiyozidi 99. Indonesia nayo ina milango yake, ila lazima ujue upi ni upi.

Mtego wa jina la kuazima

Kwa miaka mingi wageni wengi wamepita njia ya mkato. Mgeni anatoa pesa, hati inaandikwa jina la mwenyeji anayemwamini: dereva, mfanyakazi, rafiki au mpenzi. Pembeni wanasaini karatasi ya siri inayosema mwenye mali halisi ni mgeni.

Mambo yanakwenda vizuri mpaka siku uhusiano unapovunjika, au mwenye jina anapofariki na warithi wake kuja na hati mkononi.

Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Indonesia ilitoa waraka wa mwongozo kwa majaji: mwenye ardhi ni yule ambaye jina lake liko kwenye hati, hata kama pesa ya kununulia ilitoka kwa mgeni. Kwa maneno mengine, ile karatasi ya siri haikuokoi.

Njia halali ni zipi?

Ziko tatu kuu.

Ya kwanza ni kukodi, yaani Hak Sewa. Unaingia mkataba na mwenye ardhi kwa miaka mnayokubaliana. Bali mikataba ya miaka 25 hadi 30 ni ya kawaida, na kodi hulipwa yote mwanzoni. Huko bei hutajwa kwa "are", na are moja ni mita za mraba 100. Mkataba ukiisha bila kipengele cha kuongeza muda, ardhi inarudi kwa mwenyewe pamoja na ulichojenga, kama hamkukubaliana vingine.

Ya pili ni haki ya kutumia, Hak Pakai. Hii inasajiliwa serikalini, na mgeni mwenye kibali cha kukaa nchini anaweza kuipata. Kwa kanuni ya mwaka 2021, inaweza kutolewa kwa miaka 30, kuongezwa 20, kisha kuhuishwa kwa 30 mingine. Jumla miaka 80. Tatizo ni kwamba serikali imeweka bei ya chini ya nyumba ambayo mgeni anaruhusiwa kununua, na inatofautiana mkoa kwa mkoa. Kwa hiyo ile nyumba ndogo ya bei rahisi kijijini inaweza kuwa nje ya ruhusa.

Ya tatu ni kufungua kampuni ya uwekezaji wa kigeni, inayojulikana kama PT PMA. Kampuni inaweza kupata haki ya kujenga, Hak Guna Bangunan, kwa mpangilio kama huo wa 30, 20 na 30. Lakini mpango wa uwekezaji lazima uzidi rupia bilioni 10 bila kuhesabu ardhi na majengo. Hizo ni zaidi ya dola nusu milioni. Si njia ya mtu anayetaka vyumba viwili vya kulaza wageni na bustani ya kahawa.

Nikioa au nikiolewa huko je?

Ndoa pekee haifungui mlango. Mali inayopatikana ndani ya ndoa huhesabiwa ya wote wawili, hivyo hata mwenzi aliye raia anaweza kupoteza haki ya Hak Milik. Dawa yake ni mkataba wa kutenganisha mali.

Zamani mkataba huo ulipaswa kufanywa kabla ya ndoa. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba unaweza kufanywa hata baada ya kuoana. Kwa mkataba huo, mwenzi raia anamiliki kwa jina lake. Mgeni bado si mmiliki.

Karatasi si zote ni hati

Vijijini bado utaonyeshwa karatasi iitwayo girik au Letter C. Hizi ni kumbukumbu za kodi na daftari la kijiji, si hati ya umiliki. Hati ni sertifikat kutoka ofisi ya ardhi ya taifa, BPN. Mauziano hufanyika mbele ya afisa maalumu wa hati za ardhi, PPAT, ambaye hukagua rekodi za BPN kwanza.

Angalia pia aina ya ardhi. Sheria ya mwaka 2009 inalinda mashamba ya chakula yaliyotengwa, na shamba la mpunga lililo kwenye orodha hiyo haligeuzwi hoteli kirahisi. Kuna pia ardhi ya mila, inayomilikiwa na jamii nzima. Mzee mmoja kukubali kuuza haimaanishi ukoo umekubali.

Kwa wenyeji hili si suala la makaratasi tu. Sensa ya kilimo ya mwaka 2023 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya kaya za wakulima zinatumia chini ya nusu hekta. Kipande kidogo kikiondoka, familia nzima inabaki vibarua.

Kijijini hakuna mgeni asiyejulikana

Kuishi huko nako kuna utaratibu wake. Kila mtaa una kiongozi wa RT, anayefanana na balozi wa nyumba kumi. Mabango mengi ya mtaani yanasema mgeni aripoti ndani ya saa 24. Usiporipoti, kesho yake kuna mtu atabisha hodi.

Kuna gotong royong, kazi ya pamoja ya kusafisha mifereji au kumjengea jirani. Kuna ronda, zamu ya ulinzi wa usiku. Na kuna arisan, ambayo mama yeyote wa Dar au Mombasa angeitambua mara moja: ni upatu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayejifungia ndani ya ukuta mrefu huwa wa mwisho kujua maji ya mfereji yamekatwa kwa nini.

Wenyeji wenyewe wanawekezaje?

Wengi huanza na fedha za ndugu walioko kazini Malaysia, Hong Kong, Taiwan au Saudi Arabia. Pesa hiyo hujenga nyumba, hununua ng'ombe wa kufugwa na jirani kwa kugawana ndama, au huchukua shamba kwa rehani.

Rehani nayo ina sheria yake tangu mwaka 1960: shamba likikaa rehani miaka saba au zaidi, linapaswa kurudishwa kwa mwenyewe bila kulipwa deni, maana mkopeshaji amekwisha kula mavuno ya kutosha.

Kijiji chenyewe pia ni mwekezaji. Sheria ya Vijiji ya mwaka 2014 ilileta ruzuku ya serikali kuu kwa kila kijiji kuanzia 2015, na ikaimarisha kampuni za vijiji, BUMDes. Mfano unaotajwa sana ni Ponggok, Klaten, Java ya Kati. Kampuni ya kijiji ya Tirta Mandiri, iliyoanzishwa 2009, iligeuza bwawa la chemchemi kuwa kivutio ambako watu wanapigwa picha chini ya maji wakiwa wamekaa juu ya pikipiki, samaki wakipita pembeni. Mapato yanaingia kijijini, na ardhi haijauzwa kwa mtu.

Kabla hujatuma hela

• Omba kuona sertifikat, na PPAT aikague BPN.
• Chagua wakili au mthibitishaji wako mwenyewe, si wa muuzaji.
• Uliza kama ardhi ni shamba lililolindwa au ya ukoo.
• Andika kwenye mkataba nini kitatokea mwenye ardhi akifariki.
• Panga nyumba kijijini kwa mwaka mmoja kwanza, ili uone masika na kiangazi.

Na mtu akikuambia "weka jina langu, tunaaminiana", jibu ni hapana, hata kama mnaaminiana kweli. Wewe na yeye mnaweza kuaminiana. Warithi wake hamjakutana bado.