Kisukari cha ukoo kinachopigwa chenga na kidonge

JUNI 1, 2024, pale Wembley, Nacho Fernández ndiye aliyenyanyua Kombe la Ligi ya Mabingwa baada ya Real Madrid kuichapa Borussia Dortmund mabao 2-0. Lilikuwa la sita kwake. Beki huyo anaishi na kisukari aina ya kwanza tangu akiwa na miaka 12, enzi hizo yupo akademi ya Madrid, na daktari wa kwanza aliyemwona alimwambia habari za mpira ndo basi tena. Siku tatu baadaye daktari mwingine akamwambia kinyume chake: cheza, tena mazoezi kwako ni muhimu.

Kabla yake alikuwepo Gary Mabbutt, nahodha wa Tottenham aliyebeba Kombe la FA mwaka 1991 huku akijichoma insulini tangu ana miaka 17. Ndiyo, ni yule yule ambaye mpira ulimgonga gotini ukajaa nyavuni kwao kwenye fainali ya 1987 na Coventry wakasepa na kombe.

Stori za mastaa kama hao zimewafanya mashabiki wengi waamini kwamba kijana akiugua kisukari ni sindano maisha yake yote. Kwa Nacho na Mabbutt ni kweli, kwa sababu kwenye aina ya kwanza kinga ya mwili inazigeukia seli zinazotengeneza insulini na kuziua. Lakini lipo kundi dogo la vijana wanaofanana nao kwa nje, wembamba na wenye nguvu zao, ambao ugonjwa wao ni mwingine kabisa. Kwao seli hazijafa. Kuna jeni moja tu iliyoharibika, mara nyingi wameirithi kwa baba au mama, na ikijulikana ni ipi, matibabu yanabadilika. Kuna wanaotupa sindano na kuhamia kwenye kidonge. Kuna wengine hawahitaji dawa yoyote.

MJI WA EXETER

Mashabiki wanaofuatilia historia wanaujua mji wa Exeter, Uingereza, kwa jambo moja. Julai 21, 1914, timu ya Exeter City ilikuwa Rio de Janeiro ikakutana na kikosi kinachohesabika kuwa timu ya taifa ya Brazil ya kwanza kabisa, na wenyeji wakashinda 2-0. Kwa madaktari wa kisukari, mji huo huo unajulikana kwa maabara yake ya vinasaba, ambako Profesa Andrew Hattersley na wenzake wametumia miaka mingi kuusaka ugonjwa huu.

Mwaka 2004 timu hiyo ilitangaza kwamba watoto wengi wanaopata kisukari ndani ya miezi 6 ya kwanza ya maisha wana hitilafu kwenye jeni inayoitwa KCNJ11. Kabla ya hapo watoto hao waliwekwa kwenye fungu la aina ya kwanza na kuanzishiwa insulini wakiwa bado wananyonya. Mzazi anamchoma mwanawe sindano kila siku, usiku anaamka kumtoboa kidole kupima sukari, na anajua kabisa akizidisha kidogo mtoto anaweza kupoteza fahamu.

Iko hivi. Kwenye kongosho kuna seli zinazotengeneza insulini na kuiweka stoo. Kila seli ina vijilango vidogo vya kupitisha madini ya potasiamu. Sukari ikipanda kwenye damu, seli inaichoma na kupata nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayofunga vijilango. Vikishafungwa, insulini inaachiwa. Mtafiti Frances Ashcroft wa Oxford alishaonyesha tangu 1984 kwamba sukari ndiyo inayovifunga.

Kwa watoto wenye hitilafu ya KCNJ11, vijilango vinagoma kufungwa. Insulini ipo, tena ya kutosha. Ni kama straika ambaye ameshapasha, amevua traksuti, yupo pale kwenye mstari, ila mwamuzi wa akiba hanyanyui ubao. Timu inafungwa na mtu wa kuiokoa anaangalia.

Hapo ndipo kinapoingia kidonge. Kuna dawa za zamani za kisukari za kundi la sulfonilurea, mojawapo ni glibenklamaidi, ambayo wagonjwa wengi wa aina ya pili wanaijua kwa jina la Daonil. Dawa hii hufunga vijilango hivyo kwa njia nyingine, haisubiri nguvu ya sukari. Siyo dawa mpya ya mamilioni. Ni ile ile inayouzwa kwenye maduka ya dawa ya kawaida mjini.

Mwaka 2006 yakatoka majibu ya wagonjwa 49 wenye hitilafu hiyo waliojaribu kuhamishwa kutoka kwenye sindano kwenda kwenye kidonge, wakipewa dozi kubwa kuliko iliyozoeleka. Waliofanikiwa kuacha insulini kabisa ni 44, na sukari yao ikatulia kuliko ilivyokuwa wakati wa sindano. Wapo waliosema ni bahati ya muda. Mwaka 2018 wakafuatiliwa wagonjwa 81 waliokwishamaliza takriban miaka 10 tangu wahamie, na asilimia 93 walikuwa bado wanatumia kidonge bila insulini.

Lakini haimalizi kila kitu. Vijilango hivyo vipo pia kwenye ubongo, ndiyo maana baadhi ya watoto hawa huchelewa kukaa, kutembea au kuongea, na kidonge huwasaidia kwa kiasi tu upande huo. Kugundua mapema kuna faida kubwa.

KIJANA WA MAJARIBIO

Kuna ndugu wa karibu wa ugonjwa huu ambao huchelewa kuonekana, na huo ndo unaogusa zaidi umri wa wanasoka. Madaktari wanauita MODY. Mara nyingi hujitokeza kabla ya miaka 25. Mzazi mwenye nao, kila mtoto anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi, kama mwamuzi anavyorusha shilingi kabla ya mechi kuanza.

Chukua kijana wa miaka 17 aliyefika klabuni kwa majaribio. Anapimwa asubuhi hajala kitu, sukari inasoma 6.8. Yeye hajisikii vibaya, jana alikimbia kuliko wote. Kwa haraka haraka benchi la ufundi litamwona mgonjwa, na kwenye soka letu mchezaji mwenye swali la afya hurudishwa nyumbani kimya kimya. Kumbe anaweza kuwa na hitilafu ya jeni ya GCK, iliyotambuliwa mwaka 1992 na watafiti wa Ufaransa na Uingereza. Jeni hiyo ni kipimajoto cha sukari mwilini, na chake kimewekwa juu kidogo tangu azaliwe. Sukari yake kabla ya kula itacheza kati ya 5.5 na 8 miaka nenda rudi. Kwa kawaida haimletei madhara ya macho au figo, na hapewi dawa, isipokuwa kwa wanawake wakati wa ujauzito ambapo uangalizi ni tofauti.

Mwenzake mwenye hitilafu ya HNF1A hana raha hiyo. Sukari yake hupanda mwaka hadi mwaka na asipotibiwa inamharibia macho na figo kama kisukari kingine. Habari njema ni kwamba utafiti wa 2003 ulionyesha mwili wake huitikia sulfonilurea mara 5 zaidi ya unavyoitikia metformin. Ndiyo maana huanza na dozi ndogo, na akiwa mchezaji lazima awe makini: kidonge kikikutana na dakika 90 za kukimbia, sukari inaweza kushuka ghafla.

Kwa mchezaji wa mashindano makubwa kuna jambo jingine. Insulini ipo kwenye orodha ya WADA ya dawa zilizokatazwa, kwa hiyo anayeihitaji lazima aombe kibali maalumu cha matibabu. Sulfonilurea haimo.

NANI APIMWE

Karibu kila familia ina mtu wa kusema "kisukari kipo kwenye ukoo wetu", na mara nyingi wanazungumzia aina ya pili, ya ukubwani. Dalili zinazomfanya daktari afikirie jeni ni tofauti. Mtoto aliyeugua kabla ya miezi 6. Babu, mama na mjukuu, wote walioanza wakiwa vijana wembamba. Mtu aliyeambiwa ana aina ya kwanza, lakini miaka kadhaa baadaye kongosho lake bado linatoa insulini yake na damu yake haina zile kingamwili za aina ya kwanza.

Vipimo hivyo viwili, cha kingamwili na cha insulini ya mwili wenyewe, hutangulia. Vikiashiria hivyo, ndipo sampuli ya damu inaenda maabara ya vinasaba. Hata Uingereza, yenye maabara mlangoni, makadirio ya mwaka 2010 yalisema zaidi ya asilimia 80 ya wenye MODY walikuwa hawajagunduliwa, wengi wakitibiwa kama aina ya kwanza au ya pili.

Kwa aliyeugua kabla ya miezi 9, Exeter wanapima bure sampuli kutoka nchi yoyote, na hata mtu mzima aliyeugua akiwa mchanga anaruhusiwa. Ripoti yao ya mwaka 2015 ilikuwa na wagonjwa 1,020 kutoka nchi 79, na 390 kati yao tatizo lilikuwa kwenye vile vijilango vya potasiamu.

Anayechoma insulini asiiache kwa sababu ya kusoma hapa. Mwenye aina ya kwanza akiacha anaweza kufa ndani ya siku chache, na hata wale wa kidonge huhamishwa taratibu chini ya macho ya daktari. Cha kufanya ni kwenda kliniki na historia ya ukoo: nani aliugua, akiwa na miaka mingapi, anatumia nini. Ndugu mmoja akishaonekana na hitilafu, maabara inajua pa kuangalia, hivyo kumpima mama au mdogo wake inakuwa kazi nyepesi zaidi.