Motisha ya Kazi: Je, Ni Tumbo Peke Yake?

Ni nini humfanya mtu afanye kazi kwa bidii? Kiongozi anayelijibu swali hili vibaya atawaongoza wafanyakazi vibaya.

Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani, alilijibu kwa saa na fedha. Katika kitabu chake cha mwaka 1911 alisimulia jinsi mchukuzi mmoja wa kiwanda cha chuma cha Bethlehem alivyopakia tani 47 kwa siku badala ya tani 12 na nusu, na ujira wake ukapanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85. Tupige hesabu, ndugu: kazi iliongezeka karibu mara nne, ujira haukufika hata mara mbili. Kwa nadharia hii mfanyakazi ni misuli inayonunuliwa. Kufikiri ni kazi ya meneja.

Mwaka 1943 mwanasaikolojia Abraham Maslow alikwenda mbali zaidi. Alisema mahitaji ya binadamu yana ngazi: chakula, usalama, upendo, heshima, na juu kabisa kutimiza kipaji chake. Wakufunzi wengi, nasi tukiwemo, tumeifundisha ngazi hiyo kana kwamba mtu hawezi kudai heshima kabla hajashiba. Maslow mwenyewe alikiri kuwa mpangilio huo si wa lazima, na kwamba hitaji la juu huanza kujitokeza wakati la chini limetimizwa kwa sehemu tu.

Historia yetu inaonyesha hivyo hivyo. Baada ya TANU kutoa Mwongozo mwaka 1971, uliowakataza viongozi majivuno na uonevu, wafanyakazi wa viwandani waligoma mara nyingi. Mishahara ilikuwa midogo, lakini malalamiko mengi yalihusu matusi, dharau na kufukuzwa ovyo. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa kiwanda na kuendesha uzalishaji wenyewe. Hawakungoja washibe kwanza.

Hata hivyo hoja hii isigeuzwe kisingizio. Wapo wanaopenda kumtaja Frederick Herzberg, ambaye mwaka 1959 alieleza kuwa mshahara mbaya humchukiza mtu, lakini kinachompa ari ni kazi yenyewe na kutambuliwa. Husahau kwamba aliwahoji wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh, si wachukuzi. Kada anayegawa vyeti siku ya Mei Mosi huku malimbikizo ya mishahara hayajalipwa hajamsoma Herzberg vizuri, wala hajawasikiliza wenye vyeti.